Miss Loïe Fuller ya Toulouse-Lautrec: kwa nini chapa zake hazifanani

Lithografia (picha iliyochapwa kwa jiwe) ya Miss Loïe Fuller, aliyoichora Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec mwaka 1893, huwachanganya wengi. Wakiiona ina samawati na kijivu katika kitabu kimoja, kisha rangi ya machungwa na zambarau katika kingine, hudhani moja kati ya hizo ni bandia. Sivyo. Zilichapwa takriban 60, na rangi zilibadilishwa makusudi kutoka chapa hadi chapa.

Sababu iko jukwaani. Fuller, Mmarekani, alianza kucheza katika ukumbi wa Folies-Bergère, Paris, mwishoni mwa 1892. Alivaa gauni pana mno la hariri, akilirusha kwa fimbo zilizofichwa ndani ya kitambaa, huku taa za umeme zenye vioo vya rangi zikimmulika gizani. Gauni halikubaki na rangi moja. Mchoraji wa mabango Jules Chéret, kwenye bango lake la 1893, alimchora mwanamke mwenye sura na maungo. Lautrec alichora wingu la kitambaa, kichwa kidogo juu, miguu chini, basi. Kwa maoni yangu Lautrec ndiye aliyeielewa zaidi ngoma ile.

Kazi yenyewe huanza kwa kusugua jiwe la chokaa, aghalabu la Solnhofen huko Bavaria, kwa mchanga na maji hadi lilainike. Msanii huchora kinyume, kwa kalamu au wino wenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa matone ya asidi ya nitriki. Asidi hiyo haichongi mchoro. Kazi yake ni kusaidia sehemu tupu zishike maji na kukataa wino. Jiwe likiisha kulowanishwa kwa sponji, rola ya wino hupitishwa, na wino hunasa penye mafuta tu. Picha ya rangi huhitaji mawe kadhaa: kila jiwe hubeba sehemu yake ya picha, na karatasi ile ile hupita juu ya yote.

Hapo ndipo mambo huharibika. Asidi ikizidi, nukta ndogo hutoweka. Jiwe likikauka, wino hutapakaa kote. Alama ya kidole nayo ni mafuta, hivyo huchapika. Karatasi ikinyonya unyevu hutanuka, na rangi ya pili hukaa pembeni ya ya kwanza.

Ule ukungu wa nukta kwenye gauni ni mnyunyizo: mswaki huchovywa kwenye wino, nywele zake zikakwaruzwa kwa kisu ili matone yaruke juu ya jiwe. Pasipotakiwa nukta hufunikwa kwanza kwa gundi. Mwishoni chapa zilinyunyiziwa unga wa dhahabu au fedha.

Ukitaka kuikagua, tumia kioo kinachokuza mara 10. Nukta za mnyunyizo hutofautiana ukubwa na hazina mpangilio. Nakala ya ofseti, yaani uchapaji wa kisasa wa mashine, huonyesha nukta zilizopangwa kwa safu. Kisha inamisha karatasi kidogo kuelekea mwanga wa pembeni. Unga wa metali humeta. Unga uliochapwa tu kwenye nakala haumeti.

Usiuguse unga, hata kwa pamba. Kioo cha fremu kisigusane na karatasi, na mwanga wa maonyesho usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga).