Wito wa umisionari si lazima uvuke mpaka

Jamani hili nalisikia sana hapa Kigoma, kijana anasema Mungu kamwita basi wote tunaanza kuuliza unaenda nchi gani, akijibu naenda Uvinza au Kakonko, humu humu mkoani, watu wanapoa kabisa kama vile huo sio wito. Hapana. Sisi tumezoea kwamba mmisionari ni mtu aliyetoka mbali, na naelewa kwa nini maana injili ilitufikia hivo, wale wa London Missionary Society, wamisionari Waprotestanti kutoka Uingereza, walifika Ujiji 1878, White Fathers, yaani wamisionari Wakatoliki, wakafika 1879, kwa hiyo kichwani imebaki kwamba bila safari ndefu hakuna umisheni.

Lakini soma Marko 5, yule aliyetolewa pepo wachafu aliomba kabisa aondoke na Yesu na Yesu akamkatalia, akamwambia rudi nyumbani kwa watu wako ukawasimulie. Akaenda Dekapoli akahubiri, huyo naye alitumwa! Na Matendo 1:8 inaanza Yerusalemu ndo inafika mwisho wa nchi, zote zipo.

Sisemi walioitwa nje wasiende, waende tena tuwachangie nauli. Ila kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu, wakongomani wapo toka 1996, mtu anaota Ulaya na hajawahi hata kuwaombea. Mi nikikaa na kijana simuulizi nchi kwanza, namuuliza jirani yako anaitwa nani na anapitia nini.