Nguvu za injini hazivuki mashimo ya Dar
Wengi Dar huamini kwamba SUV yenye injini kali, mfano BMW X5 M, inapita popote kwa sababu imeinuka na ina nguvu. Sivyo. Kinachopokea shimo ni tairi.

X5 M Competition huvaa nyuma tairi za 315/30 kwenye rimu za inchi 22. Hiyo 315 ni upana kwa milimita, na 30 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 30 ya upana wake, yaani sentimita 9.5 hivi. Tairi ya 265/65 inayovaliwa na Prado nyingi ina ubavu wa sentimita 17. Ukidumbukia shimo lililojaa maji kwenye barabara za ndani za Tabata, mpira huo mfupi wa X5 M hubanwa mpaka rimu igonge ukingo wa lami. Tairi likipasuka ubavuni, usikubali kuwekewa kiraka. Ni hatari kwa mwendo wowote.

Kwenye foleni ya Mwenge, kwa haki, magari haya ni matulivu kabisa.

Eneo la Jangwani likifurika, geuza. Injini ikivuta maji badala ya hewa, maji hayashindiliki ndani ya silinda, na konrodi, yaani vyuma vinavyoshika pistoni, hupinda.

Anayenunua kwa matumizi ya kila siku aulize kwanza kama breki, kwa ukubwa wake, zinaruhusu rimu ndogo zaidi, ili avalishe tairi zenye ubavu mrefu.