Je, wajua kwa nini chembe za fedha huongeza mwanga wa taa ya LED?

Kipande cha fedha huzuia mwanga usipite, kwa hiyo ni haki mtu kushangaa anaposikia kwamba chembe za metali hiyohiyo, zenye upana wa makumi ya nanomita (nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita), huweza kuifanya LED itoe mwanga mwingi zaidi kwa umeme uleule.

Siri yake ni kuwahi. Ndani ya LED ya buluu, iliyotengenezwa kwa fuwele ya galiamu nitridi, umeme hukutanisha elektroni na matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni, katika tabaka lenye unene wa nanomita chache, na kukutana huko ndiko kunakozaa mwanga. Lakini fuwele hiyo ina kasoro nyingi, na elektroni ikichelewa hunaswa humo, nishati yake ikaishia kuwa joto tupu. Fedha ikiwa jirani, elektroni zake huru huyumba kwa pamoja, kama maji yanavyochezacheza ndani ya ndoo iliyotikiswa. Mtikisiko huo, uitwao plazmoni, huipokea nishati kabla kasoro hazijaipata, kisha chembe huirusha nje kama antena.

Mwaka 2004, mtafiti Koichi Okamoto na wenzake walipaka metali umbali wa nanomita 10 tu kutoka tabaka la mwanga, wakaliangaza kwa leza. Fedha iliongeza kilele cha mwanga mara 14, alumini mara 8, ilhali dhahabu haikuongeza kitu. Dhahabu huonekana ya manjano kwa kuwa huimeza buluu, na plazmoni yake haiendani na rangi hiyo.

Kwangu mimi, umbali ndio kiini cha jambo hili: chembe ikigusana na tabaka huila nishati yote, ikisogea mbali haiipati kabisa. Shida ni kwamba tabaka la juu la LED ya kawaida huwa na unene unaozidi nanomita 100. Ndiyo maana mwaka 2008 watafiti wa Korea Kusini walizifukia chembe za fedha ndani ya fuwele, chini ya tabaka la mwanga, wakapata ongezeko la asilimia 32 kwa mkondo wa miliampia 100. Ongezeko hilo ni dogo kuliko lile la leza, lakini hii ilikuwa LED kamili, iliyowashwa kwa umeme.