Barakoa ni ya kabla ya korona

Mombasa wengi husema neno barakoa lilibuniwa 2020, korona ilipoingia. Ndipo walipolisikia mara ya kwanza, basi si ajabu. Lakini asili yake ni Kiarabu, na katika karne ya 19 pwani hii ilijua barakoa kuwa vazi la uso la wanawake wa tabaka la juu, hasa wa ukoo wa Oman. Iliziba paji na pua, ikaacha matundu mawili ya macho, ikaishia juu ya mdomo, yaani mdomo unaozibwa leo ndio uliobaki wazi. Ilifungwa kisogoni, ya kifahari ilitariziwa nyuzi za dhahabu au fedha.

Kuhakikisha, tafuta kamusi kuukuu, herufi B. Mwaka usome ndani, ukurasa wa hakimiliki, majalada hubadilishwa.