Chumvi, Korosho na Wenyeviti wa Cabo Delgado

Kila ninapofundisha historia ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, wanafunzi wangu hutaka kuanza na bunduki na hotuba, nami huwarudisha dukani. Nina maana ya duka hasa, lile la porini, ambako mkulima wa Kimakonde alipeleka korosho, ufuta au karanga ili apate chumvi, kitambaa na jembe. Nani alishika mizani, nani aliweka hesabu, na huyo mwenye mizani aliwajibika kwa nani? Kwa maoni yangu, maswali hayo yanaeleza muundo wa FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, kuliko katiba yake inavyoueleza.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, UDENAMO, MANU na UNAMI, ambavyo vyote vilikuwa vimezaliwa nje ya Msumbiji, miongoni mwa watu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika nchi za jirani. MANU, kwa mfano, ilikuwa na mizizi yake kwa Wamakonde waliokuwa Tanganyika na Kenya, na jina lake lenyewe linatoa mwangwi wa TANU na KANU. Eduardo Mondlane alichaguliwa kuwa rais na Uria Simango makamu wake. Mwalimu Nyerere aliusukuma muungano huo, na mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoiweka Kamati yake ya Ukombozi hapohapo Dar es Salaam, umuhimu wa kuwa na chama kimoja chenye uongozi unaojulikana ukawa wazi zaidi, kwa kuwa fedha na silaha zilihitaji mlango mmoja wa kupitia.

Muungano wa makao makuu, hata hivyo, si muungano wa vijijini. Katika nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ambako watu walikuwa bado wanakumbuka mauaji ya raia yaliyofanywa na Wareno tarehe 16 Juni 1960, chama kipya kiliukuta mtandao uliokwisha kujengwa na wengine, yaani wenyeviti wa maeneo, ambao waliaminiwa na wazee na walikuwa na uzoefu wa kukusanya watu, michango na mazao. Aliyekuwa juu yao ni Lazaro Nkavandame, ambaye katika miaka ya 1950 aliongoza ushirika wa Wamakonde wa kulima pamba. FRELIMO ilimfanya katibu wa mkoa wa Cabo Delgado, na uamuzi huo ulikuwa na busara yake, kwani bila watu kama yeye vita visingepata chakula, wapagazi wala vijana wa kujiunga.

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na taabu ya muundo ikaanza pamoja navyo. Utawala wa Kireno uliporudi nyuma katika sehemu za mkoa huo, wafanyabiashara nao waliondoka, na watu wakabaki bila chumvi, sabuni wala nguo. Mazao ilibidi yavushwe mto Ruvuma hadi Tanzania na bidhaa zirudi kwa njia hiyohiyo, mara nyingi vichwani mwa wanawake na wanaume waliotembea siku kadhaa. Biashara hiyo iliwekwa mikononi mwa wenyeviti, naye Nkavandame akawa na kofia mbili, ya siasa na ya biashara. Pembeni yao ilikuwepo Idara ya Ulinzi ya FRELIMO, yaani upande wake wa kijeshi, ambayo baada ya Filipe Samuel Magaia kuuawa Oktoba 1966 iliongozwa na Samora Machel, na ambayo wapiganaji wake walipita katika vijiji vilevile wakihitaji chakula kilekile.

Hapo ndipo mistari miwili ya amri ilipogongana. Wenyeviti walisema kwamba kazi ya mpiganaji ni kupigana, na kwamba raia wana viongozi wao. Makamanda walijibu kwamba katika vita vya msituni mkulima na mpiganaji hawatenganishiki, na asiyetembea na wapiganaji hawezi kuamua mambo ya vita akiwa ng'ambo ya mto. Hoja ya wenyeviti haikuwa ya kipuuzi, na Wamakonde waliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa vita walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini sauti kubwa makao makuu ni za watu wa kusini. Udhaifu wao ulikuwa kwamba hapakuwa na chombo chochote cha wanakijiji cha kuwahoji wao. Walituhumiwa kununua mazao kwa bei ya kinyonyaji na kujinufaisha. Tuhuma hizo tunazisoma zaidi katika maandishi ya upande ulioshinda, kwa hiyo nazipokea kwa tahadhari, ingawa mfumo wenyewe uliacha mlango wazi kwa wizi hata kama mshika mizani angekuwa mtu mwema.

Mkutano mkuu wa pili ulifanyika Julai 1968 huko Matchedje, mkoani Niassa, ndani ya ardhi ya Msumbiji. Nkavandame alikuwa ametaka ufanyike Tanzania, na hakuhudhuria. Desemba mwaka huo kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma, na lawama zikawaangukia watu wa Nkavandame. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Miezi michache baadaye Nkavandame alikuwa amekwisha kujisalimisha kwa Wareno. Baraza la watu watatu lililochukua uongozi, yaani Simango, Machel na Marcelino dos Santos, lilidumu hadi Simango alipoandika waraka wa kuwashutumu wenzake, na Mei 1970 Machel akawa rais. Idara ya Ulinzi ilikuwa imeshinda, na kambi yake ya mafunzo ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ikawa ndiyo mfano wa chama kizima: vijana wa makabila yote wakilima, wakisoma na kufanya mazoezi ya kijeshi pamoja.

Ugonjwa huohuo uliipata PAIGC, chama cha ukombozi cha Guinea-Bissau, lakini dawa ilikuwa tofauti. Februari 1964, huko Cassacá, kiongozi wake Amílcar Cabral aliwakabili makamanda waliokuwa wamejigeuza watawala wa maeneo yao, baadhi wakaadhibiwa, na jeshi likapangwa upya chini ya chama. Vijijini ziliundwa kamati za watu watano, wawili kati yao wakitakiwa kuwa wanawake, na maduka ya wananchi yakawekwa chini ya chama. Kwa Cabral, mwenye makosa alikuwa mtu wa bunduki, ilhali kwa FRELIMO alikuwa mtu wa mizani, na kila chama kiliimarisha upande ambao hakikuuona kuwa na makosa. Nadhani tofauti hiyo ilitokana na wakati kuliko itikadi: Cassacá ilikuja mwaka mmoja tu baada ya vita kuanza, kabla wakubwa wa maeneo hawajaota mizizi, na Matchedje ilikuja baada ya miaka minne.

Mkataba wa Lusaka kati ya FRELIMO na Ureno ulipotiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, FRELIMO ilikuwa na muundo imara kaskazini, lakini mijini haikuwa na kamati zake, ikalazimika kuunda kwa haraka vikundi vya uhamasishaji katika mitaa na viwanda. Wale walioshindwa mwaka 1969 hawakupewa nafasi ndani ya muundo huo. Mwaka 1975 Simango alilazimishwa kusoma hadharani maungamo yake huko Nachingwea, kisha yeye na Nkavandame wakapelekwa kizuizini Niassa, mkoa uleule wa Matchedje, na huko wakauawa bila kufikishwa mahakamani.