Debe Halipandi Basi Kwenda Kuhesabiwa Nairobi

Uchaguzi ukikaribia, maneno ni yale yale, Mkunguni hapa Lamu na vijiweni Malindi: "Nipange foleni ya nini, na kura zishapikwa Nairobi?" Nimechoka kuyajibu kwa mdomo. Nayaandika, na atakayeyarudia nitamtumia hii asome.

Karatasi ni sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Zote huhesabiwa chumba kile kile ulichopigia, mbele ya mawakala wa wagombea na vyama. Za mbunge na wadi hujumlishwa na kutangazwa kwenye eneo bunge. Za gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake huishia kaunti. Ya rais ndiyo pekee inayopelekwa Nairobi, na kinachopelekwa ni fomu ya matokeo. Debe linabaki.

Fomu yenyewe ni 34A. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo tarakimu zake mtu mzima anazisoma kwa dakika mbili. Afisa msimamizi anatia sahihi, mawakala nao, nakala wanapewa na nyingine inabandikwa nje ya kituo. Ipige picha. Mwaka 2017, kwenye kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, tume ya uchaguzi haiwezi kuyageuza kule juu. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na upeperushaji wa hizo fomu ulikuwa kiini cha ugomvi. Kufikia 2022 picha za 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mwenye simu akajijumlishia. Mpishi wa Nairobi ana kazi ngumu kuliko mnavyodhani.

Kura huliwa kwingine. Huliwa usiku, kituoni, mawakala wakiwa wamechoka. Za rais huhesabiwa kwanza, chumba kizima macho. Zikifika zile nyingine watu wanasinzia, na wakala aliyeahidiwa posho isiyofika keshakwenda zake. Hapo tarakimu ya fomu ya wadi, 36A, ikiandikwa vibaya, nani ataiona? Na wakala asidhani kwamba akigoma kutia sahihi matokeo yatafutika. Hayafutiki kwa hilo peke yake. Aandike sababu zake, na aombe kura zihesabiwe upya papo hapo. Kanuni inamruhusu hadi mara mbili, ila wengi hawaijui, chama hakikuwafunza.

Halafu kuna hili la kura zilizokataliwa, linaloniudhi zaidi. Watu wanaambiwa alama ikitoka nje ya kisanduku, kura imekufa. Si kweli. Nia ya mpigakura ikionekana wazi, kura ni halali, hata ukiweka alama ya vema badala ya mkasi (X). Inayokataliwa ni iliyotiwa alama kwa wagombea wawili, isiyotiwa alama kabisa, isiyo na alama za usalama, au yenye maandishi ya kumtambulisha mpigaji: jina, sahihi, nambari ya kitambulisho. Wapo wanaomwandikia mheshimiwa dua humo na kutia jina lao chini! Nyingine hutumbukizwa debe lisilo lake, nayo haihesabiwi. Angalia rangi ya kifuniko. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, irudishe kwa afisa msimamizi upewe nyingine. Usione haya.

Sasa shaka yangu. Mwaka 2022 rais alishinda kwa kura 233,211. Siwezi kumwambia mtu kwa hesabu kwamba kura yake moja ingegeuza hilo, haingegeuza. Wala sina jibu zuri kwa aliyepiga kura tangu 2013 na zahanati yake bado haina dawa. Lakini zahanati ni ya kaunti, chekechea ni ya kaunti, ada ya kibanda sokoni hupitishwa na bunge la kaunti. Lamu nzima ina wadi 10. Kwenye wadi kama Basuba, yenye wapigakura wachache, ukoo mmoja ukilala nyumbani mshindi anabadilika. Ugavana wa Lamu 2017 nao uliamuliwa kwa tofauti ndogo, na aliyeshindwa akarudi kuutwaa 2022. Anayesusa kwa hasira za Bomas, ukumbi wa Nairobi zilikojumlishwa kura za rais 2022, amesusa na karatasi nyingine tano, kisha mwaka mzima anamlaumu rais kwa ada za soko.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Hakikisha jina lako liko kituo gani mapema, maana ukienda kingine hupigi. Beba kitambulisho kile kile ulichojiandikishia, si picha yake kwenye simu. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga; akija askari kuwatawanya, msitoke mstarini, mwiteni afisa msimamizi.