Aristotle Hakupokewa kwa Shangwe: Dhana Potofu Kuhusu Wagiriki na Ukristo wa Zama za Kati

Dhana: Kanisa lilimkubali Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, tangu mwanzo.

Hata kidogo. Mwaka 1210, maaskofu waliokutana Paris walipiga marufuku kufundisha vitabu vyake vya maumbile, hadharani au faraghani. Mwaka 1215 Metafizikia, kitabu chake kuhusu asili ya kuwepo, nayo ikaingizwa kwenye katazo. Kufikia 1255, katika Chuo Kikuu cha Paris hapohapo, vitabu hivyo vilikuwa vya lazima kwa wanafunzi! Kisha mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, akalaani hoja 219, baadhi zikigusa hata mafundisho ya mwanateolojia Thomas wa Akwino, aliyekuwa amefariki miaka mitatu tu kabla.

Mzozo mkubwa ulihusu umri wa ulimwengu. Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo, ilhali Biblia inafungua kwa "Hapo mwanzo". Thomas alisema akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulianza, wala kwamba haukuanza. Kwamba ulianza, tunajua kwa imani. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la kijasiri kuliko yote aliyotoa, maana liliunyima kila upande ushindi.

Dhana: Thomas alimbatiza Aristotle tu, basi.

Nguzo ya metafizikia yake haitoki moja kwa moja kwa Aristotle. Ni tofauti kati ya kile kitu kilivyo na kuwepo kwake, ambayo aliipata hasa kwa Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu wa Kiajemi. Mfano wa Thomas ni finiksi, ndege wa hadithi za kale: unaweza kuelewa huyo ni ndege wa namna gani bila kujua kama yupo. Kwa viumbe vyote, kuwepo ni kitu cha kupewa. Kwa Mungu pekee, alivyo na kuwepo kwake ni kitu kimoja.

Dhana: Wanazuoni wa Zama za Kati walimsoma Plato, mwalimu wa Aristotle, moja kwa moja.

Kwa karne nyingi walichokuwa nacho kwa Kilatini ni sehemu ya *Timaeus*, kitabu kimoja cha Plato, na kidogo zaidi. Fikra za Plato ziliwafikia kwa njia za pembeni, hasa kupitia Agostino, mwalimu wa Kanisa wa karne za mwanzo. Nyingine zilikuja na jina la mtu mwingine kabisa: *Kitabu cha Sababu*, kilichotafsiriwa kutoka Kiarabu, kilisomwa kama kazi ya Aristotle. Mwaka 1268 mfasiri William wa Moerbeke alipomaliza kutafsiri kitabu cha Proclus, mfuasi wa Plato, kutoka Kigiriki, Thomas aliweza kulinganisha maandiko hayo mawili, akatangaza kwamba *Kitabu cha Sababu* ni dondoo za Proclus.